Kikosi cha jeshi la anga kisichorusha ndege za kivita: jibu kwa mama wa Dayton

Swali: "Mimi ni Mtanzania, nimekulia Morogoro, na baadhi ya majirani zetu walikuwa wanajeshi wa Ngerengere. Kwangu jeshi la anga ni marubani na ndege. Sasa naishi Dayton, Ohio, na kijana wangu aliyezaliwa huku ameitwa kwenye usaili wa kazi ya kiraia katika kikosi kiitwacho 88th Air Base Wing, kambi ya Wright-Patterson. Nimesoma nilichoweza kupata, sioni kinaporusha ndege za kivita. Kikosi gani cha anga hicho? Kimetoka wapi, na kazi yake hasa ni ipi? Sitaki mtoto aingie mahali nisipopaelewa."

Mama, ahsante kwa swali. Jambo unalouliza, yaani nafasi ya watu wa ardhini katika jeshi la angani, ni jambo ambalo majenerali wa Marekani wenyewe wamelibishania tangu miaka ya 1940, na hadi leo hawajalimaliza.

Kwa ufupi, Kikosi cha 88 ndicho mwenyeji wa kambi. Ndani ya ua wa Wright-Patterson kuna makao makuu ya kamandi inayonunua na kutunza zana zote za jeshi la anga, kuna maabara yao ya utafiti, kuna chuo chao cha teknolojia, kuna kituo cha ujasusi wa anga na anga za juu, kuna makumbusho ya taifa ya jeshi la anga, na kuna kikosi cha akiba cha 445 kinachorusha ndege kubwa za mizigo za C-17. Hao wote ni wapangaji, na neno hilo ndilo wanalotumia wenyewe katika makaratasi yao. Watu zaidi ya 30,000 hufanya kazi humo, na kila mmoja anahitaji geti lifunguliwe, taa ziwake, mshahara uingie, daktari apatikane na barabara ifyekwe theluji mwezi wa Januari. Hizo ndizo kazi za Kikosi cha 88. Kamanda wake, ambaye kwa kawaida ni kanali, ndiye pia kamanda wa kambi nzima, ingawa humo ndani wamo majenerali wanaomzidi cheo.

Uliuliza kimetoka wapi. Watu wengi huanza kusimulia mwaka ambao namba ya kikosi iliandikwa kwenye karatasi. Mimi nitaanza na ng'ombe.

Mwaka 1904 ndugu wawili wa Dayton, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wamesharuka kwa mara ya kwanza kule North Carolina na sasa walitaka mahali pa karibu na nyumbani pa kufanyia majaribio. Mwenye benki mmoja wa mjini, Torrence Huffman, akawapa malisho yake bure. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kuruka, watoe kwanza ng'ombe na farasi nje ya uzio. Basi wakatoa mifugo, wakajenga kibanda cha kuhifadhia ndege, wakalaza reli ya mbao ya kuondokea. Upepo wa Ohio ulipokuwa mdogo kuliko ule wa pwani walikotoka, Septemba mwaka huo walisimamisha mnara wenye uzito mkubwa unaoangushwa ili kuivuta ndege ipate kasi. Tarehe 20 Septemba 1904 Wilbur akakamilisha mzunguko mzima angani. Tarehe 5 Oktoba 1905 akakaa hewani dakika 39, akaenda umbali wa kilomita kama 39. Uwanja huo wa Huffman uko ndani ya kambi ambayo kijana wako ameitwa. Na kila kilichofanyika pale kabla ya ndege kunyanyuka, yaani kibali cha ardhi, kuondoa wanyama njiani, kibanda na mtambo wa kurushia, ni kazi ambayo leo ingekuwa ya kikosi cha kambi.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta mambo mawili katika eneo hilohilo: uwanja wa mafunzo ulioitwa Wilbur Wright Field mwaka 1917, na kando yake bohari ya vifaa vya ndege pale Fairfield. Historia huwa inaimba uwanja na kuisahau bohari. Mimi naona bohari ndiyo babu halisi wa Kikosi cha 88.

Tazama kilichotokea mwaka 1924. Jeshi la Marekani liliamua ndege zake ziwe za kwanza kuizunguka dunia. Ndege nne za Douglas ziliondoka Seattle tarehe 6 Aprili, na mbili kati yake zikakamilisha mzunguko tarehe 28 Septemba. Wenye majina ni marubani, na wanastahili. Lakini kabla injini haijawashwa, mtu alikaa chini akapanga ni bandari gani ya dunia itahitaji nini. Zilitangulizwa injini 15 za ziada, seti 14 za maboya ya kutulia majini, na vipande vya kutosha kujengea ndege mbili nyingine nzima. Bohari ya Fairfield ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa kufungasha na kusambaza shehena hizo. Ukitaka kujua kwa nini ndege zile mbili zilirudi nyumbani, usiangalie ujasiri peke yake. Kulikuwa na kreti iliyosubiri kwenye gati ya mbali, na ndani yake mlikuwa na kipuri kilekile kilichovunjika.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Wananchi wa Dayton walichanga fedha, wakanunua ardhi, wakaikabidhi serikali ili kazi ya ndege isihamie mji mwingine. Uwanja mpya, Wright Field, ukazinduliwa Oktoba 1927. Mwaka 1931 sehemu ya mashariki ikaitwa Patterson Field, kwa heshima ya Luteni Frank Stuart Patterson, mtoto wa Dayton aliyefariki Juni 1918 ndege yake ilipovunjika wakati wa kujaribu bunduki inayopiga risasi katikati ya panga la propela. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, wafanyakazi wa viwanja hivyo viwili, ambao mwishoni mwa 1939 hawakufika 4,000, walizidi 50,000. Januari 1948 viwanja vikaunganishwa kuwa Wright-Patterson.

Hapo ndipo tunafika kwenye ule ubishi niliougusia mwanzoni, na naomba uvumilie kidogo kwa sababu ndio unaojibu "kikosi gani cha anga hicho".

Wakati wa vita, kiongozi wa marubani kituoni alikuwa chini ya mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo mara nyingi hakuwa rubani wala hakuwa na uzoefu wa mapigano ya angani. Rubani akihitaji mafuta, matengenezo au malori, anaomba kwa mtu asiyejua uharaka wake. Jeshi la anga lilipopata uhuru wake kutoka jeshi la nchi kavu tarehe 18 Septemba 1947, viongozi wake walitaka kulimaliza hilo. Mpango uliotumika unajulikana kwa jina la Kenneth Hobson, ofisa aliyeusukuma. Uliweka kila kitu chini ya kamanda mmoja wa kikosi kikuu: kundi la mapigano, kundi la matengenezo na ugavi, kundi la uwanja, na kundi la tiba. Muundo huo upo hadi leo kwa sura yake ya msingi. Chini ya kikosi kikuu yapo makundi, na chini ya makundi zipo skwadroni.

Lakini zilibaki kambi ambazo kazi yake kubwa si mapigano. Ni utafiti, ununuzi, tiba, mafunzo. Huko huwezi kumpa rubani mmoja nyumba nzima wakati yeye ni mpangaji mmoja kati ya wengi. Ndiyo maana kukawa na vikosi vikuu ambavyo kambi yenyewe ndiyo jukumu lao. Pale Wright-Patterson kazi hiyo ilibebwa kwa miongo kadhaa na kikosi chenye namba 2750. Ndicho kilichokuwa mwenyeji hata ndege za mabomu za B-52 zilipopangishwa kambini, hadi zilipoondoka mwaka 1975. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jeshi lilifuta namba za tarakimu nne. Kikaitwa 645, na tarehe 1 Oktoba 1994 kikapata namba 88. Jina lilibadilika, na watu wengi asubuhi yake walikwenda kwenye dawati na karakana zilezile.

Vikosi vya namna hii viko kwingine pia. Cha 502 kinahudumia kambi tatu kwa pamoja San Antonio, Texas. Cha 673 kiko Alaska. Cha 39 kiko Incirlik, Uturuki, na hicho nitakirudia.

Sasa kazi zenyewe. Nitachukua chache nizieleze vizuri kuliko kukuorodheshea zote.

Anza na mafuta. Ndege kubwa ya mizigo inameza makumi ya maelfu ya lita, na adui mkubwa wa mafuta hayo ni maji na uchafu. Angani juu kuna baridi kali. Maji kidogo yaliyojificha kwenye mafuta yanaganda na kuziba vichujio. Kwa hiyo kabla boza halijaisogelea ndege, mtu wa mafuta huchota sampuli kwenye chupa safi ya kioo, anaizungusha kwa mkono mpaka mafuta yajizungushe katikati kama kimbunga, kisha anaitazama kwenye mwanga. Kama kuna chembe au tone la maji, vitakusanyika chini katikati. Mafuta mazuri yanapitisha mwanga, hayana ukungu. Halafu kabla ya kuunga bomba, anafunga waya kati ya boza na ndege, kwa sababu mafuta yanapopita kwenye bomba huzalisha umeme tuli, na cheche moja inatosha. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa ndiye mwenye chupa hiyo mkononi. Rubani anayepanda baadaye hamjui kwa jina, ingawa maisha ya rubani huyo yameshapita mikononi mwa kijana.

Umeme ni jambo jingine ambalo halionekani mpaka likatike. Usiku wa tarehe 15 Julai 2016 palitokea jaribio la mapinduzi Uturuki. Mamlaka za huko zilikata umeme wa gridi uliokuwa unakwenda Incirlik, na haukurudi mpaka tarehe 22 Julai. Wakati huo kambi ilikuwa inatumika kwa safari za kulipiga kundi la Daesh (ISIS) huko Syria na Iraq. Kwa karibu wiki nzima, katika joto la Julai la Adana, mji wa jirani na kambi hiyo, Kikosi cha 39 kiliiendesha kambi kwa jenereta. Fikiria maana yake, Mama: dawa za hospitali zinazotakiwa baridi, pampu za maji, mawasiliano, taa za kuongozea ndege, vyakula vya maelfu ya watu, na mafundi wanaozunguka usiku kucha kupima joto la injini za jenereta na kuamua jengo gani lizimwe ili jingine liendelee. Safari za ndege zilisimama kwa muda mfupi mwanzoni, kisha zikaendelea. Mafundi umeme na watu wa mitambo wa Kikosi cha 39 ndio waliowezesha hilo.

Ulinzi nitausemea kwa mfano wa kwetu pwani, na mfano wenyewe unauma. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, unaotumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani. Wamarekani watatu waliuawa, askari mmoja na wakandarasi wawili. Ndege ziliteketea na mafuta yakashika moto. Huduma za kambi na za uwanja ule kwa upande wa Marekani zilikuwa mikononi mwa Skwadroni ya 475, mdogo wa vikosi hivi ninavyokueleza, iliyopelekwa pale miezi michache kabla. Uchunguzi ambao Marekani iliutangaza Machi 2022 ulikuta kwamba maandalizi ya ulinzi hayakulingana na hatari iliyokuwepo. Nimeusoma mkasa huo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Funzo lake kwa watu wa fani yetu liko wazi: uzio, zamu za lindo na mazoezi ya kuitikia shambulio ndivyo vilivyopaswa kusimama kati ya wale watatu na kifo. Mtu anayeona kazi ya lindo au uzio kuwa ya daraja la chini hajafika Manda.

Kazi ya malazi na makaribisho utaiona nyepesi, lakini ndiyo iliyoiingiza Dayton kwenye vitabu vya historia. Novemba 1995 Marekani iliwakusanya pale Wright-Patterson marais watatu waliokuwa kwenye vita vya Bosnia: Slobodan Milošević wa Serbia, Alija Izetbegović wa Bosnia na Franjo Tuđman wa Croatia, pamoja na msuluhishi Richard Holbrooke. Kambi ilichaguliwa kwa sababu ina ulinzi, ina uwanja wa ndege, na iko mbali na kamera za Washington. Mabweni ya maofisa wageni yaliyozunguka eneo moja la kuegesha magari yakagawiwa wajumbe, kiasi kwamba mtu aliweza kutembea kwa miguu dakika moja kutoka kwa adui yake hadi kwa mpatanishi. Hilo halikuwa jambo dogo. Katika mazungumzo ya namna ile, chumba kikubwa kuliko cha mwenzio au mlango ulio mbele zaidi unaweza kuwa sababu ya mtu kufungasha na kuondoka. Na katikati ya yote hayo, kuanzia tarehe 14 hadi 19 Novemba, shughuli za serikali ya Marekani zilifungwa kwa mgogoro wa bajeti. Chakula kiliendelea kupikwa, magari yaliendelea kwenda uwanjani, walinzi walisimama getini. Tarehe 21 Novemba mkataba ulithibitishwa kwa saini za awali palepale kambini, kisha ukasainiwa rasmi Paris tarehe 14 Desemba.

Zilizobaki ni nyingi. Hospitali ya kambi ni kubwa na inatibu pia familia na wastaafu. Kuna mnara wa kuongozea ndege na watabiri wa hali ya hewa, maana njia ya kurukia pale ina urefu wa mita zaidi ya 3,800 na inahitaji kukaguliwa, kufagiliwa mawe na kufukuzwa ndege wa porini. Kuna zimamoto, wahandisi wa majengo na mabomba, mitandao ya kompyuta, wahasibu, wanasheria, ofisi ya vitambulisho, ugavi, magari, malezi ya watoto wadogo. Kila mpangaji ana hati ya makubaliano na mwenyeji inayosema apewe huduma gani na nani alipe. Hati hizo zinachosha kusoma, lakini anayezielewa anaielewa kambi.

Ule ubishi wa zamani nao umerudi. Februari 2024 viongozi wa jeshi la anga la Marekani walitangaza mpango wa kuvitenganisha vikosi vya mapigano na uendeshaji wa kambi, ili kikosi kikipelekwa vitani kiondoke kizima, na kambi ibaki na kamanda wake na watu wake. Mpango wa Hobson uliunganisha. Huu ulikusudia kutenganisha tena, kwa sababu tofauti. Kwa maoni yangu hatua hiyo inakiri kitu ambacho wa ardhini wamekijua siku zote: kambi ni kazi kamili inayohitaji kamanda wa kuifikiria usiku na mchana, na haifai kuwa jukumu la pembeni la mtu ambaye akili yake iko angani.

Sasa kuhusu kijana. Nafasi nyingi za kiraia za serikali kuu zinahitaji uraia wa Marekani, na kwa kuwa amezaliwa huko hilo halitamsumbua. Kutegemea nafasi, atachunguzwa historia yake kabla ya kuanza au kupewa kibali cha kushughulika na siri za serikali; mwambie aandike kila kitu kwa ukweli kwenye fomu, pamoja na ndugu zake walioko Tanzania na safari alizofanya. Kuwa na jamaa nje ya nchi si kosa. Kuficha ndiko kunakoharibu.

Kwenye usaili aulize atakuwa chini ya kundi gani, la huduma za kambi, la tiba, la uhandisi au la mawasiliano, kwa sababu maisha ya kazi yanatofautiana sana kati ya moja na jingine. Aulize pia kama nafasi yake imewekwa kwenye orodha ya wanaotakiwa kufika kazini hata kambi inapofungwa kwa theluji, kimbunga au mgogoro wa bajeti. Kama imo, na wewe Mama ujue mapema, maana usiku ambao watu wote wa Dayton wataambiwa wabaki nyumbani, yeye ataambiwa aje.